Shamba Shahidi

Mtaalamu aling'oa mnyanya wangu mbele ya watu, akauinua juu kwa mkono mmoja kama mtu anayeonyesha panya aliyemkamata stoo. Mizizi ilikuwa mifupi, imejikunja. Majani yalikuwa yameungua pembeni, na udongo ulioning'inia chini ulikuwa na unga mweupe.

"Mama zangu na baba zangu," alisema, "huu ndio mmea ulioachwa upambane na chumvi peke yake."

Wakulima wa mfereji mzima walikuwa wamejaa pale, wengine juu ya tuta, wengine kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani. Mimi nilikaa mstari wa mbele, nimevaa kitenge ambacho nilikuwa sijakigusa tangu harusi ya binti yangu. Nilikivaa kwa sababu niliambiwa kwamba siku hiyo mimi ni shahidi, na kwa akili yangu shahidi ni mtu anayeitwa mbele, akaulizwa, akasikilizwa.

Sikuulizwa kitu. Mtaalamu, binti ambaye ningeweza kumzaa, aliweka glasi mbili mezani. Kwenye moja alitia majani yaliyotwangwa kutoka shamba la wifi yangu, kwenye nyingine majani yaliyotwangwa kutoka kwangu. Akamimina kote ile dawa ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa, ile inayochemka ikigusa damu. Glasi ya wifi ilipanda povu mpaka likamwagikia kitambaa cha meza. Yangu ilitoa vipovu vichache, vikazunguka, vikanyamaza.

"Ya huyu mama hata povu limegoma," alisema mzee mmoja nyuma yangu, na watu wakacheka.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa ameketi kiti cha tatu kutoka kwangu. Akaniinamia na kusema kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia, "Wifi, simama basi wakupige picha. Si ndiyo wewe shahidi?"

Pembeni alisimama shemeji mkubwa, kaka wa kwanza wa mume wangu, mwenye neno la mwisho kuhusu ardhi ya familia ile. Yeye hakucheka. Alitazama glasi, akatazama upande wangu wa shamba, akatazama upande wa dada yake. Alipovaa kofia yake nilijua shamba limeniponyoka.

Nirudi nyuma sasa, maana mtu anaweza kufikiri nyanya zangu zilikufa kwa uvivu, na wapo wanaosema hivyo hadi leo.

Shamba hilo liko Maji ya Chai, chini ya barabara kuu, upande ambao mfereji unafika ukiwa umechoka. Maji yetu yana magadi. Ukiyachota unayaona yana rangi, ukiyachemsha sufuria inaota ukoko, na watoto waliokulia hapo unawajua kwa meno ya kahawia. Juu mlimani migomba inasitawi tu, lakini huku chini maji yakikauka juu ya udongo yanaacha weupe kama mtu kamwaga unga wa muhogo. Mahindi yanatoka, yanafika kiunoni, yanaduwaa. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, niliolewa hapo nikiwa msichana aliyeishia darasa la tano, sina shule ya kusema, lakini jembe nalijua, na nililima hapo na mume wangu mpaka alipofariki.

Alipofariki niliugua. Niliugua vibaya, mpaka ndugu zangu waliitwa kutoka Moshi waje waniage. Nikapona. Lakini nilipotoka kitandani nilikuta wifi amerudi nyumbani kwao. Ndoa yake ya huko Kimandolu ilikuwa imevunjika, akaja na mabegi yake na kabati la vioo, akashika jembe langu. Watu wakamsifu. Eti bila huyu, shamba lingekuwa pori. Ni kweli alilima, sikatai. Ila aliyenisaidia nikiwa nimelala, nilipoamka hakuniachia nafasi ya kusimama. Shamba likagawanywa katikati kwa mfereji mdogo, yeye upande wa mashariki, mimi magharibi.

Naambiwa nina kijicho. Sawa, ninacho. Mtu aone kwanza kabla ya kunihukumu. Yeye akiingia kwa shemeji mkubwa anakwenda moja kwa moja jikoni na kufunua sufuria. Mimi nabisha hodi na kusubiri, miaka yote hiyo. Akitania kwa Kimeru, lugha ya kwao, wanaanguka kicheko, mimi natafsiriwa mwishoni wakati kicheko kimekwisha. Akikosea, ni mtoto wa nyumbani kakosea. Nikikosea mimi, ni yule mwanamke wa marehemu. Hata kilio cha mume wangu alinizidi, alilia kwa sauti nzuri, wakamshika yeye mikono, na mimi nikabaki nimeshika kikapu cha vikombe.

Basi, msimu mmoja kabla ya haya, shemeji mkubwa alituita wote wawili akasema shamba lile dogo haliwezi kuendelea kukatwa vipande. Alisema, "Msimu ujao nitaangalia. Mkono utakaoliweza ndio utakaolishika." Wifi akajibu, "Sawa kaka." Mimi nikasema, "Sawa shemeji." Neno ni lilelile, lakini yeye alimwambia kaka.

Ndipo wale wa utafiti wakaja. Walitafuta mashamba mawili yanayopakana, udongo mmoja, maji mamoja, yenye chumvi. Wakatupata sisi, maana hapakuwa na wengine wanaolingana kama sisi. Wakaitisha kikao kanisani. Siku ya kikao mimi sikuwapo. Binti yangu alikuwa amejifungua huko mjini, nami nilikuwa jikoni kwake nikisaga mtori, ile supu nzito ya ndizi, namwogesha mtoto, namkanda mama yake. Mzazi hakai peke yake, na mama mzazi wa binti haombi ruhusa kwenda. Wifi alilijua hilo. Alinisindikiza mpaka kituoni na akanibebea mkungu wa ndizi.

Niliporudi nilimkuta mlangoni kwangu, ameshajikalia kwenye stuli yangu.

"Habari ya mjukuu nimeisikia huku," akasema. "Anafanana na nani?"

"Na sisi. Kikao kimesemaje?"

"Wanaleta mbegu za nyanya za kupambana na chumvi. Zinalowekwa kwanza kwenye ndoo, zinakaushwa, ndiyo zinapandwa. Tumepata wote, wewe na mimi."

"Wote?"

"Wote. Wamepiga kura kwa vizibo vya soda ndani ya kofia. Wewe hukuwapo, nikakuchotea."

"Nimetoka nini?"

"Umetoka shahidi," akasema.

"Shahidi wa nini?"

"Shamba lako ndilo litakalotoa ushahidi, wifi. Siku ya maonyesho watu wote watakuja kuliangalia. Unataka nini tena?"

Nakumbuka nilivyofurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko njaa. Nilifurahi kwamba kura, kwa mara ya kwanza tangu niingie familia ile, imeniweka mimi mbele yake. Niliona hata uso wake umenuna kidogo, nikafikiri ni wivu wake, nikauonea raha. Kumbe labda alikuwa anazuia kicheko. Siku hizi nauchambua uso ule kila nikikaa peke yangu, na kila mara nauona tofauti.

Ndoo zikaja mbili, moja ya bluu na moja nyeupe, zimefunikwa. Ya bluu ya wifi, nyeupe yangu. Mtaalamu mwenyewe alizimimina mbegu, akaziacha zilowe, akazitoa akazianika juu ya gazeti kivulini. Mbegu zilikuwa zilezile, rangi ileile, ndoo zote zilikuwa na kitu kama maji. Nilinusa ndoo yangu, haikunuka. Nilitaka kuinusa ya wifi pia lakini alikuwa amesimama karibu nayo.

Kitaluni ndipo nilipoanza kuumwa. Miche yake ilitoboa udongo mapema, imesimama, shingo nene. Yangu ilitoka kwa kusuasua, mingine inainama kama inatafuta kitu ilichoangusha. Nikasema labda udongo wa kitalu. Tukahamishia shambani. Kila asubuhi kabla sijanywa chai nilikuwa naenda kusimama kwenye mfereji mdogo, nageukia mashariki. Sikuanza kutazama kwangu hata siku moja. Nilitazama kwake kwanza, halafu kwangu ili niumie vizuri. Minyanya yake ilinyanyuka ikafika magotini, majani mapana, kijani kile cha giza. Niliionea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mwanamke yeyote mume wake. Nilikuwa najua kila tawi lake. Ua la kwanza kule kwake nililiona mimi kabla yake, nikakaa kimya.

Kwangu majani yalianza kukauka ukingoni, kidogo kidogo, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Matunda machache yaliyoshika yakaoza kitako. Nikaongeza samadi. Nikaomba zamu ya ziada ya maji, nikidhani nitaosha chumvi, kumbe nilikuwa naileta nyingine. Niliinama mpaka mgongo ukakataa.

Mtaalamu alikuwa anakuja kupima. Alikuwa na adabu, nimpe haki yake. Alinisalimia shikamoo kila alipofika, akauliza mjukuu anaendeleaje. Siku moja nikamshika kanzu, maana alikuwa amevaa koti jeupe refu kama kanzu.

"Mwanangu, mbona zangu hazifanani na za jirani? Nakosea wapi?"

Akaniangalia kwa upole. "Hukosei, mama. Hivi ndivyo inavyotakiwa. Endelea hivyohivyo."

Nikaenda nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyepewa dawa. Ndivyo inavyotakiwa. Nikafikiri basi zangu ni za kuchelewa, zitanyanyuka mwishoni zimpite. Nilimwambia hata wifi, "Mtaalamu amesema zangu ziko sawa." Akanijibu, "Kama amesema yeye, nani abishe?" Akaendelea kufunga minyanya yake kwenye vijiti, maana ilikuwa inazaa mpaka inalala.

Ndipo ikafika siku ile ya glasi na kitenge.

Watu walipokuwa wanapewa soda nilimfuata mtaalamu kwenye gari lao. Nilimwomba anieleze kama mtoto, bila maneno ya chuo. Akanieleza, na alieleza vizuri, ningependa angefanya hivyo mwanzo. Alisema ndani ya kila mmea kuna vitu vidogo vinaitwa vimeng'enya. Ni kama mafundi. Mbegu ikilowa, vimeng'enya ndivyo vinavyokata chakula kilichohifadhiwa ndani yake kiwe laini, ili chipukizi lipate kula likue. Chumvi inawafunga mikono, ndiyo maana mche unaduwaa. Halafu alisema chumvi ikizidi, mmea wenyewe unazalisha sumu ndani ya jani, sumu inayounguza kama moto, na kuna kimeng'enya kazi yake ni kuivunja sumu hiyo iwe maji na hewa. Ile dawa ya vidonda ni ndugu wa sumu hiyo. Povu nililoliona ndiyo hewa inayotoka. Jani lenye kimeng'enya kingi linachemka, jani lililochoka linanyamaza. Tena wako mafundi wengine wanaofanya kazi ya kuisukuma chumvi mpaka kwenye kighala cha ndani, ikae huko isidhuru.

"Na ile ndoo?" nikamuuliza.

"Ndoo ya bluu ilikuwa na dawa ya kuwaamsha mafundi hao mapema, mbegu ikiwa bado haijaonja chumvi. Mmea unakua umeshajiandaa."

"Na nyeupe?"

"Nyeupe ilikuwa maji safi, mama."

"Maji."

"Ndiyo. Lazima liwepo shamba ambalo halikupewa kitu, tulinganishe. Ndilo tunaloliita shamba shahidi." Akanitazama. "Kwani hukuelezwa?"

"Nani angenieleza?"

"Tulieleza yote kikaoni kabla ya kura. Tulisema mwenye shamba shahidi asitegemee mavuno. Wifi yako alisema wewe unamwuguza mzazi, na kwamba atakufikishia mwenyewe. Tukamwamini, ni ndugu."

Niliegemea mlango wa gari lile. Sikulia. Nilikuwa nafikiria samadi niliyoibeba kwa kichwa kuipeleka kwenye mbegu zilizolowekwa maji.

Nilimkuta wifi kwenye mfereji anaosha sahani za wageni.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini?"

"Kwamba ndoo yangu ni maji."

Hakuinua kichwa. "Nilikwambia umetoka shahidi. Ndivyo walivyosema wenyewe, sikuongeza neno, sikupunguza."

"Ulisema tumepata wote."

"Si mbegu ulipata? Ulitaka nikutafsirie Kiswahili?" Ndipo akanitazama. "Ungekuwa umetoka nilivyotoka mimi, na mimi nimetoka ulivyotoka wewe, ungenikimbilia kuniambia? Sema kweli, wifi."

Sikumjibu, kwa sababu watu walikuwa wanapita, na kwa sababu swali lile ni la mtu mwenye akili. Lakini jibu ninalo, nalisema hapa. Ningemwambia. Ningemwambia kwa furaha kabisa, ningempelekea habari hiyo mpaka mlangoni ili nimwone akinuna. Kijicho changu kina mdomo. Cha kwake ndicho hakina.

Wiki hiyohiyo shemeji mkubwa alituita. Tulikaa barazani kwake, chai ikaletwa. Alisema aliahidi kuangalia na ameangalia, na watu wote wa mfereji ni mashahidi. Alilitumia neno hilo hilo, sijui kama alijua anachosema. Nikamweleza habari ya ndoo. Nilieleza kwa utaratibu, sikupiga kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shemeji, mambo ya ndoo ni ya wataalamu. Mimi nimeona nyanya." Wifi alikuwa anakoroga chai yake kwa utulivu. Shamba likawa lake lote, na mfereji mdogo wa katikati ukafukiwa siku iliyofuata.

Mimi sasa naishi mjini, Daraja Mbili, chumba kimoja, nauza mboga na nyanya mbele ya nyumba ya watu. Nyanya za Maji ya Chai zinakuja sokoni kila wakati. Siwezi kujua zipi ni za kwake, lakini nikiona tenga lenye nyanya ngumu, zinazong'aa, zisizooza kitako, mkono wangu unasita. Wateja wanazichagua hizo. Nami nazinunua hizo, kwa sababu nazo ndizo zinazouzika. Nasikia amejenga uzio. Nasikia wale wa utafiti wamerudi kwake na mbegu nyingine, na kwamba anaitwa mkulima wa mfano, anapelekwa vijiji vingine akasimulie. Anasimulia kitu gani kuhusu mimi? Au ananiruka?

Sijasema dawa ile ni mbaya. Iliponya minyanya kweli, nimeiona kwa macho yangu mawili, tena nimeiona kuliko mtu mwingine yeyote maana niliitazama kila asubuhi. Kama ningepewa ndoo ya bluu ningeipigia debe mimi. Na kama ningeambiwa kwamba shamba langu ni la kulinganishia tu, huenda ningekubali vilevile, lakini ningekwenda kwanza kwa shemeji mkubwa nikamwambia, msimu huu usihesabu, nimetoa shamba kwa kazi ya watu. Hilo tu. Neno moja hilo lingeniokolea ardhi.

Kwa hiyo nawataja, kila mmoja kwa kazi yake, na majina yao wanayajua wenyewe. Wewe wifi, uliyeweka mkono wako kwenye kofia ya vizibo mara mbili, kwa ajili yako na kwa ajili yangu: kizibo cha kwanza ulichotoa kilikuwa cha nani? Ulisema ni cha nani kabla ya kukiona au baada? Waliokuwapo kikaoni hawakubaliani, nimewauliza. Wewe mtaalamu, uliyeniamkia vizuri kila wiki ukanitazama nikibeba samadi ukasema ndivyo inavyotakiwa: ulishindwa nini kunivuta pembeni ukaniambia mama, acha kujichosha? Na wewe shemeji mkubwa, uliyesema umeona nyanya.

Sitaki pole. Sitaki soda ya maonyesho. Nataka mtaalamu yule aende na gari lake mpaka kwenye baraza ile, akae mbele ya shemeji mkubwa na wifi yangu, na mimi nikiwepo nimeketi, aseme kwa mdomo wake kwamba mkono wangu haukushindwa, ulipewa maji. Akishasema, nataka shemeji mkubwa anijibu, mbele ya haohao, shamba langu alilichukua kwa kosa lipi.